Usiandike Kitu Juu ya Picha

Kwako Skola, mwanangu wa kwanza,

Najua ni ajabu kumwandikia barua mtu ambaye hata hajaondoka. Asubuhi hii umepanda pikipiki kwenda Namawala kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki na meza na kalamu ya Deo. Lakini barua hii utaisoma ukiwa chuoni Mbeya, ukiwa umeshusha mizigo, kwa hiyo nakusalimu kama anavyosalimiwa mtu wa mbali. Hujambo mwanangu? Kile kichwa kilichokuwa kinakuuma juzi kimeacha? Huku sisi ni wazima. Baba yako ni mzima, yuko shamba, jana alipiga simu akiwa amesimama juu ya kichuguu maana chini mtandao haukamati, akasema mpunga umeota vizuri ila nguruwe mwitu wameanza kuuvamia mapema mwaka huu. Kesho atakuja moja kwa moja stesheni, kwa hiyo usishangae akikuaga na matope miguuni. Mdogo wako Deo naye mzima, ila ameacha kuongea, kutwa anaosha baiskeli iliyokwisha kuoshwa. Bibi utakuwa umemwona mwenyewe, goti lile lile, mdomo ule ule. Mama Kulwa jirani anakusalimu sana. Leo ameleta maziwa ya bure, eti ya safari. Nikamwambia maziwa hayafiki Mbeya, akasema basi Skola ayanywe leo leo, yatasafiri humo humo tumboni. Hata yule kuku mwekundu hajambo, ametaga tena kwenye kikapu changu cha nyuzi. Na mimi mama yako sijambo, ukiacha hili linaloniandikisha.

Habari ya kufunga mlango, ya kuchemsha maji na ya kutokumwazima mtu simu yako sitazirudia. Nimezisema mpaka Deo anaziimba. Nataka nikuandikie habari ya foronya, na ya zile picha zetu zilizokataliwa. Utasema, mama naye, kuna barua ya foronya? Vumilia. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, siwezi kuyasema mambo ila kwa vitu ninavyovishika mkononi.

Unakumbuka siku ulipofungua duka letu kwenye lile soko la kwenye simu. Ulianika foronya zangu za kudarizi moja moja kwenye kamba, ukutani kwa nyuma, jua la asubuhi likiwa upande, ukanifukuza kama mtoto kwa sababu kivuli changu kilikuwa kinaingia. Nilipoziona kwenye simu sikuamini kama ni za kwangu. Yule tausi niliyemdarizi msimu mzima alikuwa anang'aa kuliko hata alivyo kwenye kitambaa. Nikaenda kumwonyesha Mama Kulwa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mama Kulwa akaitazama simu kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akauliza, na jina lako liko wapi hapa? Nikasema jina liko chini kwenye maelezo. Akacheka kicheko chake kile. Akasema kwao Usukumani, na hata huku walikohamia, ng'ombe hatoki zizini bila chapa, maana akishaingia kwenye kundi la mwenzako utamtambuaje? Wewe unaitoa mali yako nchi nzima iione, haina hata alama. Kesho mtu anaichukua hiyo picha, anasema foronya ni zake, utamshitaki kwa nani?

Mwanangu, sikupata usingizi. Kulipokucha nikakuambia uandike jina langu juu ya picha zote, na namba ya simu, kwa herufi kubwa, katikati. Ukanikalisha kwenye kigoda ukanisomea masharti ya lile soko taratibu, kama unavyomsomea bibi barua za kanisani. Picha ionyeshe kitu kinachouzwa basi. Isiandikwe namba ya simu, wala bei, wala jina la duka, wala maneno ya kumvuta mteja. Hata lile jina jepesi linalolazwa juu ya picha kama kivuli, la kuzuia wezi, nalo hawalitaki. Nikakuambia masharti hayo wameweka watu wenye walinzi, sisi mlinzi wetu ni herufi. Ukasema, mama, watazitoa. Nikanuna. Sikula na nyinyi mchana ule. Na wewe, kwa vile hukupenda kuniona nimenuna, ukaandika.

MALI YA MAMA SKOLA IFAKARA, kwa rangi nyekundu, kutoka kona hadi kona, na namba chini yake. Tausi alikatwa shingo na herufi. Ukaniambia anaonekana kama mtu aliyeshikwa na polisi akabandikwa kibao kifuani, nami nilicheka lakini moyoni nilitulia. Nilijiona nimemfungia ndani.

Hazikumaliza siku mbili. Zikatolewa zote, duka likafungwa kwa muda, na ujumbe ukaja kwamba tukirudia watalifunga moja kwa moja. Ulinisomea ujumbe ule nikiwa nachambua mchele. Hukuniambia kwamba ulinionya, wala uso wako haukusema. Ulichukua foronya ukaenda kuzianika upya, na mara hii mimi mwenyewe nilikaa mbali na jua lako.

Sikukueleza siku ile kwa nini ule mchele niliuchambua mara mbili. Nilikuwa nimemwambia baba yako kwamba vitambaa vikiuzika mwaka huu siendi shamba. Nimechoka dungu, Skola. Nimechoka kukaa kwenye kibanda cha juu ya miti miezi na miezi nikigonga debe kufukuza ndege, mtoto yuko kwa mtu mwingine. Nilitaka msimu mmoja nilale kwangu. Duka lile likifungwa, mimi ningebeba sufuria na kuvuka mto tena kwenda shamba, na Deo angebaki kwa bibi kama ulivyobaki wewe. Na aliyekuwa analifunga ni mimi mwenyewe, kwa hofu yangu. Niliogopa watu wasiibe tausi, nikawazuia hata kumwona.

Nimekaa nalo sana jambo hilo, kwa sababu si mara ya kwanza naandika kitu juu ya kitu kingine ili nitulie mimi.

Ulikuwa na miaka mitatu ile mara ya kwanza nilipokuacha Namawala. Mvua zilikuwa zimewahi, baba yako alikuwa ameshavuka, majirani wote wameshavuka, mtaa ulibaki na wazee na watoto kama kawaida ya kwetu. Ulikuwa umeshika kanga yangu hapa kwenye pindo, bibi akawa anakufungua vidole kimoja kimoja. Nilikimbia sikugeuka nyuma, maana nilijua nikigeuka siendi.

Kule kwenye dungu nilikuwa na kipande cha bafta nyeupe na nyuzi alizonipa shangazi yako. Mchana ndege wanatua, unagonga debe, wanaruka, unashika sindano, wanatua tena. Mimi nilikuwa najua kudarizi maua tu. Herufi nilizisahau nyingi, nikawa naziangalia kwenye gunia la mbolea, nachukua M huku, natafuta A kule. Nikadarizi foronya ya mtoto, ndogo, rangi ya bluu, nikampa mtu aliyekuwa anarudi akuletee. MAMA YUPO. Niliona nimemaliza kazi. Niliona nikiyalaza maneno yale chini ya shavu lako usiku, basi na mimi nitakuwa nimelala hapo.

Msimu ulipokwisha nikaja mbio na kuku mkononi, na wewe ukajificha nyuma ya bibi. Ulinitazama kama mgeni. Nilikuita mara ngapi sijui. Jioni ile bibi, ili kunipa moyo, akanisimulia kwamba kila ukilala ulikuwa unaweka kidole kwenye zile herufi na kuuliza, bibi, imeandikwaje hapa? Na bibi, ambaye unajua hata jina lake hajui kulisoma, alikuwa anakujibu, imeandikwa mama anakuja kesho. Kila usiku, kesho. Unalala vizuri, kunakucha, mama haji, na usiku anakusomea tena.

Mimi nililia, bibi akanishangaa. Alidhani ananifurahisha.

Halafu ukaingia darasa la kwanza. Unaikumbuka siku hiyo? Mimi sijaisahau hata kidogo. Nilikuwa nafunga mizigo ya kwenda shamba tena, ukatoka chumbani na foronya mkononi, imeshachakaa, ukasimama mlangoni na sare yako ya shule. Ukasema, "Kumbe hapa imeandikwa mama yupo. Na hukuwepo."

Hukulia. Uliniambia kama mtu anayemwambia mwenye duka kwamba mizani yake haiko sawa. Ukaikunja ukairudisha kitandani. Nilienda shamba mwaka ule pia, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine, lakini sikudarizi tena maneno. Miaka yote ile umeniona nadarizi tausi, mawaridi, vikapu vya matunda. Wateja wakiomba Usiku Mwema nawaambia herufi zinanishinda. Hazikuwa zinanishinda.

Ndiyo maana uliponiambia mwaka jana, mama darizi ile ya zamani upya, ile ya Mama Yupo, tuiweke dukani, nilikukatalia kwa ukali mpaka ukashangaa. Ukasema kuna watu wengi wana watoto wao bwenini, wanafanya kazi mbali, wataipenda. Nikasema hayo maneno ni ya uongo. Ukaniambia bibi alikuwa anakosea kuyasoma lakini ulikuwa unalala. Basi. Ukachukua ndoo ukaenda kisimani. Nami nikachukua bafta.

Nayo ikakataliwa. Nilicheka mpaka Mama Kulwa akaja kuuliza kuna nini. Safari hii hatukuandika kitu chochote juu ya picha, foronya ilikuwa peke yake kwenye kamba, safi, lakini ile mashine ya soko iliona herufi, ikasema ondoeni maandishi kwenye picha. Haikujua kama ni uzi. Nikajisemea moyoni, hata mashine nayo inaniambia maneno haya niyaondoe. Wa kwanza kuniambia ulikuwa wewe, na miaka saba yako. Nilikuwa tayari kuiweka kabatini, nikaogopa pia lile onyo lao, kwamba sasa ndiyo wanafunga kabisa. Mama Kulwa akasema labda nidarizi ng'ombe, ng'ombe hasomeki. Ukamjibu, shikamoo Mama Kulwa, huyo wa kwako mwenye chapa ubavuni naye wangemkataa. Akacheka akakutupia kanga.

Lakini hukuitoa. Uliigeuza foronya nje ndani, ukapiga picha upande wa nyuma, kule ambako sipendi mtu aone, kwenye mafundo yangu na nyuzi zinazorukaruka kutoka herufi hadi herufi. Ukanipiga na mimi, mkono tu, sindano ikiwa imechomwa katikati ya O. Ukawaandikia kwamba maneno haya hayakuwekwa juu ya picha, ni kitambaa chenyewe, tazameni nyuma. Tukasubiri. Siku zile nilikuwa nakuuliza kila ukishika simu, hata ukiwa unaangalia saa.

Ukaja jikoni mbio, ndala moja mguuni, ukasema, "Wamekubali, mama. Kuna mtu ameangalia, ameona ni uzi."

Sijui ni mtu gani huyo, yuko nchi gani. Lakini nilifurahi kwamba alipopata mashaka aliomba kuona nyuma.

Hayo mengine unayajua. Mama Yupo ndiyo inayotoka kuliko tausi, kuliko mawaridi. Mwingine anatuma kwa mtoto wake Tabora, mwingine Tanga, kuna yule baba aliyetaka tuandike Baba Yupo na herufi ziwe za kijani. Kazi imekuwa nyingi, baba yako mwenyewe akasema, kaa, nitaajiri mtu wa kufukuza ndege. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe mvua zimekuja nami niko kwangu, nasikia zinavyopiga bati la nyumba yangu. Nimeipata hiyo kazi ya kukaa nyumbani, Skola, na mwaka nilioipata ndio mwaka unaoondoka wewe. Nilidhani nitakuwa nakaa na wewe. Sikuwa nimehesabu kwamba umekua.

Kwa hiyo nimefanya tena yale yale. Wiki nzima nimekuwa nadarizi jina lako kwenye kila kitu chako. Shuka, taulo, mfuko wa sabuni, aproni ya ufundi umeme. Nilikuambia ni kwa ajili ya wezi wa bwenini. Ulipokuta nimefika kwenye soksi uliinua moja ukaitazama, ukaniuliza kama na kisigino nacho kinaibwa. Nilicheka, lakini mwanangu, haikuwa kwa ajili ya wezi. Nilitaka popote utakapoweka mkono uguse kitu nilichokigusa. Ungekuwa bafta ningekudarizi wewe mwenyewe, kutoka kona hadi kona, MALI YA MAMA SKOLA. Na watu wangeona herufi zangu, wewe wasikuone.

Jana nilipokuwa naweka sawa mto wangu nikakuta umeiweka pale ile foronya yako ya zamani. Ile ya bluu, ya dungu, imebaki kama utando, herufi zinashikana kwa huruma tu. Umeifua, umeipiga pasi. Nikadhani umeisahau kwenye kufungasha, nikakuletea. Nakiri moyo uliniuma kidogo, nikasema kumbe haendi nayo. Hukuinua kichwa kwenye begi lako.

"Hiyo ni yako sasa, mama," ukasema. "Msimu huu wewe ndiye unayebaki."

Nikaenda nje nikajifanya naanua nguo, na kamba haikuwa na nguo.

Leo asubuhi ulipotoka tu, nilichukua bafta mpya niliyokuwa nimeikata kwa ajili yako. Nilikuwa nimeshaanza usiku wa juzi kukuandikia maneno yale yale, kubwa, ya mtu mzima. Nilikuwa nimemaliza MAMA. Nikashika sindano nimalizie, mkono ukakataa. Yupo wapi? Mbeya sipo. Utalala kule na wasichana nisiowajua, utaamka kwenye baridi usiyoizoea, utapanda juu ya nguzo za umeme na mimi nitakuwa huku nimeshika moyo. Ukiwa na miaka saba uliniambia ukweli mmoja ule, na sikutaka uniambie tena ukiwa na miaka ishirini.

Nikaifumua. Nimekaa hapa dirishani nikivuta uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Ndiyo hiyo foronya nyeupe utakayoikuta juu kabisa ya begi, pamoja na barua hii. Usidhani nilikosa muda. Haina neno, nimeiacha hivyo kusudi. Nimekuwekea sindano na nyuzi za rangi zote kwenye kopo, siku ukitaka iwe na kitu utaweka chako, mshumaa, nguzo, jina la mtu, mimi siulizi. Au iache hivyo hivyo. Ukiiinua kwenye mwanga utaona matundu madogo pale herufi zilipokuwa. Hayo hayatoki kwa mkono, ila ukiifua mara mbili tatu bafta inajifunga yenyewe.

Nasikia pikipiki, nadhani ni wewe, ngoja nimalize haraka.

Ukifika nitumie picha. Nitumie siku hiyo hiyo, usingoje upange chumba kwanza, usingoje upumzike. Na usiiandike kitu, Skola. Nawaona mnavyofanya nyinyi vijana, mnaweka mioyo, mnaweka maneno ya Kiingereza yanapita usoni, mnaweka masikio ya paka. Usiweke. Hata neno Mama usiandike juu yake, nitajua ni ya kwangu. Simama mahali penye jua, upande, kama ulivyonifundisha, kivuli cha mtu mwingine kisiingie, nikuone wewe peke yako ulivyo. Deo amenionyesha namna ya kuikuza kwa vidole viwili.

Tuma upesi mwanangu, kabla hujaifua hiyo foronya na matundu hayajajifunga.

Mimi mama yako,
Ifakara